Nasaha za Baridi

Jumapili iliyopita, alasiri, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu hapa Tanga nikingoja jua lipunguze ukali wake, alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye Mungu akijaalia atavuka bahari mwezi wa Septemba kwenda Uskochi kusomea shahada ya uzamili; na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za wazee na wagonjwa kama ilivyo ada, akanieleza haja iliyomleta, nayo ilikuwa ni koti. Mama yake alikuwa amemwambia ya kwamba mjomba analo koti zito la sufu alilorudi nalo kutoka Ulaya, na kwamba kununua jipya ilhali lile limelala kabatini ni israfu. Niliingia ndani nikalitoa. Lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na dawa ya nondo, na tulipolifunua harufu yake ilitukohoza sote wawili. Akacheka, nami nikacheka, akalijaribu mbele ya kioo cha sebuleni huku jasho likimtiririka.

Kulitoa koti ilikuwa kazi ya dakika moja. Lililonikosesha usingizi usiku ule ni kule kutambua ya kwamba nilikuwa namuaga kijana vilevile nilivyoagwa mimi miaka 20 na zaidi iliyopita, yaani kwa nasaha za baridi, na kwamba katika nchi hii itoayo vijana wake kila mwaka kwenda kutafuta ilimu kwa watu, sidhani kama wako wengi wanaoagwa kwa namna nyingine.

Mimi niliagwa kwa dua iliyosomwa nyumbani kwa marehemu baba, ikafuatwa na pilau, na baada ya pilau wazee wakanipa wasia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alinionya juu ya baridi, ambayo alisema huingilia miguuni, kwa hiyo nisivue soksi hata kitandani. Wa pili alinionya juu ya nyama isiyochinjwa. Wa tatu, aliyekuwa baharia ujanani mwake na kuziona bandari nyingi, alinionya juu ya mambo ambayo shangazi zangu waliposikia walijifunika nyuso kwa kanga. Wa nne akasimama, akasema ya kwamba mji ule ninaokwenda ndio aliosomea Mwalimu Nyerere, aliyefika huko mwaka 1949 akiwa na miaka 27 na kuondoka mwaka 1952 na shahada yake, basi nisije nikatia aibu. Zote zilikuwa nasaha za watu walionitakia kheri, na hiyo ya soksi nimeifuata mpaka leo kila niendapo Lushoto. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyenambia ya kwamba kabla wiki ya kwanza ya masomo haijatimia nitaketishwa kwenye meza ndefu pamoja na watu wengine 11, mlango ufungwe, na mwalimu, badala ya kufundisha, anigeukie aniulize mimi naona nini.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa mwanafunzi wetu ugenini, wala si kwenye theluji. Na maoni yangu, ambayo najua hayatawafurahisha baadhi ya walimu wenzangu, ni kwamba mtihani huo tunamfelisha sisi wenyewe kabla hajapanda ndege.

Habari za safari sitazieleza, kwa kuwa kila aliyesafiri anazo na zote zinafanana. Edinburgh, ndio mji wenyewe niliokwenda, ni mji wa mawe yaliyotiwa weusi na moshi wa makaa wa karne zilizopita, wenye ngome juu ya jabali katikati yake, na mtu wa pwani akiingia humo mara ya kwanza hudhani umejengwa na mafundi walewale wa Fort Jesus, ila walinyimwa chokaa na jua. Chuo nilichosomea sitakitaja, maana mji ule una vyuo vingi na hili ninalolisema halikihusu kimoja.

Jumatatu ya wiki ile ya kwanza nilikuwa na miadi na msimamizi wangu wa masomo saa nane mchana. Na kwa kuwa wenzetu saa hiyo huiita ya pili, nami usiku wa kuamkia siku hiyo nilipokuwa nikiinukuu miadi ile katika shajara niliandika "saa 2" bila kufikiri, asubuhi niliisoma shajara yangu kwa Kiswahili kama nilivyozoea tangu kuzaliwa, nikafika mlangoni pa profesa saa mbili kamili ya asubuhi, nimevaa koti hili hili. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwa kuona haya kuondoka, na kwa kuchelea nisije nikapotea njia ya kurudi, niliketi kwenye ngazi saa sita nzima, watu wakipita wakinitazama, nami nikijifanya nasoma. Ilipofika saa saba ukalia mzinga. Niliruka. Baadaye ndipo nilipojua ya kwamba mzinga ule hupigwa ngomeni saa saba mchana kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu mbili tatu, na kwamba ulianza mwaka 1861 ili manahodha wa merikebu zilizokuwa bandarini Leith walinganishe saa zao. Lakini mimi, niliyelelewa kwa hadithi za mizinga ya sikukuu, kwa lahadha moja nilidhani mwezi umeandama na ni mimi peke yangu nisiye na habari.

Profesa alikuwa na umri wa baba yangu, mwenye mvi na sweta iliyotoboka kiwiko, na jambo la kwanza aliloniomba, baada ya kunipa mkono, ni niache kumwita profesa, nimwite kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake. Alidhani amenirahisishia maisha. Wasomaji wa pwani watanifahamu nikisema ya kwamba ulimi ulikataa. Kwetu mtu huwa na jina lake mpaka apate mtoto au apate ilimu. Akishapata kimojawapo, jina lile huwekwa akiba, na wadogo humwita Baba Fulani, au Maalim, au Sheikhe. Hata rais wa kwanza wa nchi hii tulimwita Mwalimu mpaka akazikwa. Vipi basi nimwite mzee yule kama nimwitavyo mdogo wangu? Nilitafuta hila. Kwa wiki nzima ile, na kusema kweli kwa muhula mzima, sikumwita kwa jina lolote: nikimhitaji, husogea mpaka macho yetu yakakutana, au hukohoa kidogo. Nilikuja kusikia ya kwamba aliwauliza wenzangu kwa siri kama nina maradhi ya kifua.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo tulitoalo kama udhuru. Tukiulizwa kwa nini vijana wetu hunyamaza katika semina za ugenini, hujibu upesi ya kwamba ni adabu. Mtoto aliyelelewa vyema hamkatizi mkubwa maneno wala hakikosoi kitabu. Nami nilijitetea hivyo miaka mingi. Siku hizi naona utetezi huo una nusu tu ya ukweli, na nusu ya pili niliikuta maktabani siku ya Jumanne.

Semina yetu ya kwanza ilipangwa Alhamisi, juu ya historia ya uchumi wa makoloni, na kitabu kilichowekwa ni kile cha Walter Rodney kielezacho jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Nilipoliona jina lile kwenye orodha moyo wangu ulitulia kama wa msafiri aliyemwona mtu wa kwao stesheni. Rodney! Mtu wa Guyana, ndiyo, lakini aliyefundisha Dar es Salaam, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1972 na wachapishaji wawili kwa pamoja, mmoja wa London na mmoja wa Dar es Salaam. Mtu ambaye sisi tuliosoma historia nyumbani tulikuwa tukimnukuu tangu kidato cha tano. Nikajiambia, wiki hii watanisikia.

Kisha nikakitoa rafuni, nikakaa, na kabla sijafunua ukurasa wa kwanza nikang'amua jambo lililonifanya nitazame kulia na kushoto kama mwizi. Nilikuwa sijapata kukiona. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya historia, tena yenye daraja ya kujivunia, na katika miaka yote ile sikuwahi kukishika kitabu hiki mkononi. Nilimjua Rodney kwa nukta, sababu sita na athari nane, zilizosomwa kwa imla na mwalimu aliyezinakili kwa mwalimu wake, au zilizochapwa katika makaratasi yale ambayo wanafunzi huyaita madesa na kuyanunua kwenye vibanda vya kutolea nakala vilivyojipanga nje ya malango ya vyuo vyetu. Nilizimeza nukta zile, nikazitapika kwenye mtihani, nikapewa A. Hakuna aliyenidanganya, na hakuna aliyeniuliza.

Nilikisoma siku mbili na nyusiku zake, kwa namna tuliyofundishwa kukisoma kitabu, jalada hadi jalada, bila kuruka, bila kukunja ukurasa, sembuse kutia alama ya kalamu, kwa kuwa kitabu kwetu ni amana. Humo nikakuta mambo mawili ambayo madesa hayakuyataja. La kwanza limo katika dibaji. Ada ya waandishi ni kuwashukuru waliowasaidia, kisha kusema ya kwamba makosa yaliyobaki ni yao peke yao. Rodney aliikataa ada hiyo kwa makusudi, akasema ya kwamba dhima ya kazi kama ile ni ya wengi, hususa dhima ya kuirekebisha. Maana yake mwandishi mwenyewe aliwaachia wasomaji mlango wazi waingie wamsahihishe, nasi tukautia kufuli ya nukta nane. La pili limo mwishoni kabisa: maneno ya tamati si ya Rodney, bali ni ya Abdulrahman Mohamed Babu, mtu wa Unguja, aliyekuwa waziri katika serikali yetu, na ambaye mwaka uleule wa 1972 kitabu kilipotoka alitiwa kizuizini, asiachiwe mpaka mwaka 1978. Nilipolisoma jina la Babu katika maktaba ile, mvua ikipiga madirisha, nilishikwa na fahari ya kitoto. Nikasema moyoni, hili nitalitoa Alhamisi.

Alhamisi ikafika. Chumba kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja lililotazama ukuta, birika la chai, na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzigusa. Msimamizi wangu alifungua kwa maneno machache, akaegemea kiti, akanyamaza. Mimi nilifungua daftari, nikaandika tarehe, nikaipigia mstari kwa rula, nikangoja somo. Nadhani robo saa ilipita kabla sijafahamu ya kwamba somo limekwisha kuanza, na ndilo lile.

Binti mmoja, mwenye umri wa miaka 22 hivi, aliyekuwa amekunja miguu juu ya kiti, akasema Rodney amekosea. Alidai ya kwamba kitabu kimeielemeza mizani upande mmoja, kwamba watawala wa Kiafrika waliouza watu hawakupewa hukumu iliyowastahili, na kwamba ikiwa kila sababu imetoka nje basi Mwafrika hana alitendalo katika historia yake mwenyewe. Nikangoja radi. Profesa akasema, hoja hiyo inafaa, nani ana jibu? Akajibu Mgiriki mmoja, kwa Kiingereza kilichochechemea kuliko changu, akitafuta maneno darini na kuyakosa, wala asione haya. Akamjibu mwanamke wa Kichina, kwa sauti ndogo, lakini kwa kisu kikali. Akazungumza kijana mmoja kwa urefu kuliko wote, kwa sauti ya kupendeza na mikono mingi. Huyo baadaye, tulipokuwa tukivaa makoti, alinambia bila wasiwasi wowote ya kwamba kitabu chenyewe alikuwa amesoma kurasa kumi.

Nami niliyesoma kila herufi nilikaa kimya. Jibu nilikuwa nalo. Mlango wa pili wa kitabu kile wote umetengwa kwa ajili ya maendeleo ya Afrika kabla ya kuja Wazungu, na humo Mwafrika halali hata kidogo. Anafua chuma, anajenga dola, anafanya biashara, anawatawala wenzake kwa wema na kwa ubaya. Nililipanga jibu langu kwa Kiswahili, nikalihamishia katika Kiingereza, nikalipitisha katika sarufi, nikainua kidole, nao walikuwa wamekwisha kuhamia jambo jingine. Nikalipanga la pili, lile la Babu; likanifia vivyo hivyo. Kisha profesa, kwa wema mtupu, akanigeukia, akasema: wewe umetoka nchi aliyofundisha Rodney, wewe unaonaje?

Meza nzima ikanitazama. Nikasema: "Nakubaliana na wote."

Wakacheka, si kwa ubaya, na ndipo biskuti zilipoanza kuliwa. Nilitoka nikakatiza uwanja wa majani uitwao Meadows, chini ya miti iliyoanza kupukutika, nikilisema kwa sauti, kwa Kiingereza fasaha, jibu lile ambalo ningelitoa. Na bibi mmoja aliyekuwa na mbwa wake akanipisha njia nzima.

Sasa, ikiwa iliyoninyamazisha ni adabu, ni adabu gani? Sikumnyamazia mzee, nilimnyamazia binti mdogo kwangu kwa miaka. Na ikiwa ni lugha, Mgiriki yule je? Sikatai ya kwamba lugha imo. Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, utaratibu uliowekwa mwaka 1967, kisha akifika kidato cha kwanza hugeuziwa Kiingereza kwa ghafula, na tangu siku hiyo kuuliza swali kwake huwa ni kujihatarisha mara mbili, kwa kutojua jambo na kwa kutojua namna ya kuliuliza. Akiteleza neno moja darasa zima humcheka, na mwalimu, ambaye aghalabu naye ana hofu yake katika lugha ileile, hamtetei. Basi hujifunza ya kwamba salama yake ni kunakili. Ipite miaka sita ya sekondari na mitatu ya chuo katika hali hiyo, mkono wake utakuwa umekwisha kuota sugu na ulimi kufa ganzi. "Nakubaliana na wote" yangu ilitoka huko. Kuisingizia uungwana wa pwani ni kuudhulumu uungwana wa pwani.

Hilo nililijua kesho yake, Ijumaa, katika msikiti mkuu wa mji ule ulioko Potterrow, ambao ulikuwa na jiko lake pembeni, na mwanafunzi mwenye njaa aliweza kupata humo sahani ya wali na mchuzi baada ya sala. Nilikaa karibu na vijana wawili wa Malaysia waliokuwa wakibishana kwa Kiingereza juu ya sala ya msafiri: je, aliyekuja kusoma mwaka mzima ni msafiri bado au ni mkazi? Mmoja akataja Minhaji. Mwenzake akamkatiza kwa neno moja la Kiarabu ambalo nilikuwa sijalisikia tangu utoto, akasema: kultu!

Kijiko kilibaki mkononi. Nilipokuwa na miaka 14 nilikuwa nikiketi pembeni ya darasa ya watu wazima msikitini kwetu, baina ya Magharibi na Isha, ikisomwa Minhaji hiyohiyo, kitabu cha fikihi ya Kishafii ambacho vizazi vya wanavyuoni wa pwani wamekisoma, nao wamekipata katika bahari moja na hao Wamalaysia. Mwenye kitabu ni Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, naye alikifupisha kutoka katika kitabu cha mtangulizi wake mkubwa, Imamu Rafii. Mtu wa madesa angefupisha akanyamaza. Nawawi hakufanya hivyo. Kila alipoona mtangulizi wake ameteleza au ameacha jambo, alisimama akaandika kultu, yaani nasema mimi, akatoa hoja yake, kisha akaifunga kwa wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Sheikh wetu alipofika kwenye kultu alikuwa akibadili sauti, na wazee waliokuwa wakisinzia wakifumbua macho, kwa kuwa walijua ya kwamba sasa wakubwa wawili wanapambana. Kumheshimu aliyetangulia, kisha kusema lako, kisha kukiri ya kuwa huenda umekosea wewe: semina nzima imo katika maneno hayo matatu ya Kiarabu, nami nilikuwa nayo masikioni mwangu miaka kumi kabla sijaionja baridi ya Uskochi.

Kwa hiyo wanaponambia ya kwamba kubishana na kitabu ni tabia ya Kizungu, mimi huona wanasema hivyo kwa kutojua walichokirithi. Muyaka wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa wakijibizana kwa mashairi zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, tena kwa ukali ambao hakuna semina ingeustahimili. Na tusiende mbali hivyo. Chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, mtu hakuwa na wa kujificha nyuma yake. Mwaka 1970 Rodney alitoka Dar es Salaam akaenda Makerere kujadiliana hadharani na Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, mtoto wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Nami siamini ya kuwa ni sadfa kwamba mmoja wa wabishi hodari kuliko wote Afrika Mashariki alizaliwa katika nyumba ya wanavyuoni wa Kishafii. Mwaka huohuo jarida la wanafunzi wa chuo hicho lililoitwa Cheche lilitoa makala ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini, na kabla ya mwaka kwisha likapigwa marufuku. Sisemi ya kwamba marufuku moja ndiyo iliyozaa madesa. Wanafunzi waliongezeka, walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na mwalimu aliyekabiliwa na ukumbi wenye watu mia nne hana la kufanya ila imla. Mimi mwenyewe nimesoma imla katika kumbi za namna hiyo kwa miaka isiyopungua kumi, nikawapa A waliozirudisha nukta zangu bila kupunguza neno, na ninaloliandika leo liko juu ya shingo yangu kabla halijawa juu ya shingo ya mwingine.

Wala sisemi ya kwamba semina ya wenzetu haina ghururi yake. Yule kijana wa kurasa kumi nilimwona akisifiwa mwaka mzima, na kama ningelazimishwa kuchagua baina ya msomaji asiyesema na msemaji asiyesoma, kazi ya kuhifadhi nyaraka za nchi ningempa wa kwanza. Lakini kwa nini tulazimishwe?

Vijana wanaopata ufadhili huitwa kabla ya kuondoka, wakawekwa ukumbini siku moja au mbili, wakaelezwa habari za viza, bima, akaunti ya benki, na bila shaka baridi. Ningependa siku hizo ziongezwe ziwe wiki. Wagawanywe watu 12 kwa meza, wapewe kitabu kimoja kizima, kisiwe nukta wala muhtasari, wakisome, kisha kila mmoja aseme mwandishi amekosea wapi na kwa hoja gani, na mwenzake amjibu. Siku tatu za kwanza kwa Kiswahili, ili ulimi uzinduke katika lugha isiyouogopesha, na zilizobaki kwa Kiingereza kilekile cha kuchechemea. Gharama yake ni vitabu 12 na birika la chai. Na sisi tuliobaki vyuoni tutunge walau swali moja la mtihani ambalo kibanda cha nakala hakina jibu lake. Wenzangu watasema ya kwamba kulisahihisha kutachukua muda mrefu, na hapo watakuwa wamesema kweli.

Jumatatu, baada ya usiku ule wa kukosa usingizi, nilimwita mpwa wangu arudi. Nilimpa Rodney wangu, nakala niliyoinunua Jumamosi ya wiki ile ya semina katika duka la vitabu vilivyokwisha tumika, nikamhadithia Alhamisi yangu yote, pamoja na ngazi na mzinga. Alisikiliza, akazipindua kurasa, akazipindua tena kwa kurudi nyuma.

"Mjomba, hiki ulikisoma kweli? Mbona hakina hata alama moja?"

Nikamwambia sisi tulifundishwa ya kwamba kitabu hakiandikwi. Hakunijibu, alikuwa akilitazama koti lililotundikwa mlangoni, ambalo nilikuwa nimelianika juani ili harufu ya dawa itoke. Kisha akatoa simu yake mfukoni.

"Nimetazama, mjomba. Septemba kule ni nyuzi 13, 14. Hili ni koti la Januari. Mama amekosea, na wewe umekosea." Akasita, akainamisha macho. "Samahani, lakini ndivyo ninavyoona mimi."

Nilikumbuka jinsi nilivyotokwa na jasho kwenye ngazi zile tangu saa mbili mpaka saa nane, nikidhani ni woga. Nikamwambia asiombe samahani. Koti nimelirudisha katika mfuko wake wa nailoni, na mwezi wa Desemba nitalipeleka posta.